Pumzi Ipimwe Siku za Kazi



Mlizoea kuona ukurasa huu wa kwanza umejaa habari za mishahara, na wengi mtauliza kwa nini leo tumeigeuza ngoma. Katika mkutano wa tawi ndugu zetu waliotoka Nakalale walisimama wakaeleza jambo ambalo halimo katika ajenda yo yote, nasi tuliosikia hatukuweza kulala. Jambo lenyewe ni pumzi. Mtu hana mshahara ikiwa hana pumzi, kwa hivyo hatukuacha habari zetu za kawaida, ila tumezishika kwa upande mwingine.

Yuko ndugu mmoja, jina lake twaliweka, ambaye ni mwendesha kisiagi. Kwa miaka miwili alisaga mahindi na mtama asione taabu yo yote. Mwaka wa tatu kifua kikaanza kumbana. Mchana alijikaza, lakini usiku kifua kilipiga miluzi, akawa akiketi kitandani mpaka majogoo. Alinunua dawa za kikohozi dukani. Alipimwa makohozi kwa ajili ya kifua kikuu, jambo ambalo ni sawa kabisa, maana huku kwetu kikohozi cha wiki mbili lazima kipimwe hivyo kwanza. Makohozi yakaonekana safi. Mwishowe tajiri wake akampa ruhusa aende mjini kwa daktari.

Sasa sikilizeni safari hiyo. Siku ya kwanza alingoja lori. Siku ya pili alikuwa njiani. Siku ya tatu alipumzika kwa shemeji yake. Siku ya nne alikaa katika foleni, akaambiwa arudi kesho. Siku ya tano daktari akamsikiliza kifua, akampa kidude akipulize mara moja, akamwambia, “Bwana, wewe u mzima.” Akaandikiwa karatasi ya kwamba hana kitu. Alirudi Nakalale nayo kwa furaha, akampa tajiri. Usiku wa pili baada ya kuanza kazi alikuwa anakaa kitandani kama zamani. Lakini sasa akilalamika, tajiri hutoa ile karatasi mezani, na jina jipya la ndugu yetu ni Mvivu.

Hatusemi daktari yule alidanganya. Siku ile, saa ile, mtu yule alikuwa mzima kweli. Siku tano mbali na vumbi la unga zilikuwa zimemponya. Umbali wetu na hospitali, ambao twaulilia kila mwaka, ndio uliouficha ugonjwa wake. Daktari alimpima mtu; kazi ya mtu haikupimwa.

Ugonjwa huu madaktari huuita pumu ya kazini. Si ajabu mpya. Mwaka 1700 daktari mmoja wa Italia, Bernardino Ramazzini, aliandika kitabu kizima juu ya magonjwa ya wenye kazi za mikono, na ndani yake aliwataja waoka mikate, wasaga nafaka na wachekechaji nafaka, jinsi unga na vumbi vinavyowaharibia kifua. Aliwashauri madaktari wenzake waongeze swali moja juu ya yale wanayomwuliza mgonjwa: kazi yako ni nini? Zaidi ya miaka 300 imepita, na memba wetu wengi wameingia na kutoka katika vyumba vya waganga bila kuulizwa swali hilo.

Leo yakadiriwa ya kwamba katika watu wazima wanaoanza kuugua pumu, kati ya 5 na 20 katika kila 100 wameipata kwa sababu ya kazi zao. Unga ni mmojawapo wa visababishi vikubwa duniani. Vumbi la nafaka ghalani vilevile, na si nafaka peke yake, bali hata fukusi na wadudu wadogo wasioonekana waliomo ndani ya magunia. Rangi za gari zile za kuchanganya kutoka makopo mawili ni mbaya sana zikinyunyizwa kwa bomba. Vumbi la mbao. Dawa za kusafishia sakafu, hasa mtu akichanganya ile ya kung’arisha nguo na ile ya tindikali ya chooni. Hewa itokayo hapo ni klorini, nayo yaweza kuharibu kifua kwa siku moja tu. Basi hesabuni wenyewe: wapagazi wa maghala ya chakula cha msaada Kakuma, waoka mikate wa kambini na wa Lodwar, maseremala, wapaka rangi wa gereji, wafagizi wa hospitali na shule. Hao wote ni watu wetu.

Na tabia ya ugonjwa huu ni ya hila. Hauanzi siku ya kwanza ya kazi. Mwili hukaa na kile kitu miezi, pengine miaka, ukikizoea kwa nje na kukichukia kwa ndani, kisha siku moja hugeuka. Kwa hiyo mwajiri akisema, “Mbona miaka miwili hukuugua?” jibu lake ni kwamba ndivyo ulivyo. Hila ya pili ni ya saa. Kwa baadhi ya watu kifua hubana papo hapo kazini. Kwa wengine hubana baada ya saa nne, tano, hata nane, wakati mtu amekwisha kuoga na kula na yuko kwake. Huyo atalaumu blanketi, atalaumu moshi wa jikoni, atamlaumu mkewe. Hatalaumu kisiagi, kwa sababu kisiagini alikuwa salama.

Je, tutaukamataje ugonjwa mwenye hila hivi? Kwa kuufuata siku baada ya siku na kuandika.

Kipo chombo kidogo, bomba la plastiki lenye mstari wa nambari na mshale. Mtu hujaza kifua hewa, hufunga midomo juu ya bomba, hupuliza kwa nguvu na upesi kama anayetaka kuzima taa kwa mbali, na mshale huruka hadi nambari fulani. Nambari hiyo ni lita za hewa kwa dakika katika ule mpulizo wa kasi kabisa. Mishipa ya hewa ikiwa wazi, nambari hupanda, ikibanwa, hushuka. Hakina umeme wala betri, na bei yake haiko mbali na bei ya buti za kazi. Sisi twakiita kipima pumzi.

Wanachama watapenda kujua chombo hiki kilitoka wapi, kwa maana kimetoka kwa watu kama sisi. Aliyekibuni ni Mwingereza, Martin Wright, aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha uchunguzi huko Wales, kilichowekwa kwa ajili ya mapafu ya wachimba makaa ya mawe. Habari zake zilichapishwa mwaka 1959. Kile cha kwanza kilikuwa kikubwa kama saa ya ukutani. Hiki chepesi cha mkononi kilikuja katika miaka ya 1970. Bwana huyu huyu ndiye aliyeshughulika pia na chombo cha kupima pombe katika pumzi za madereva, na madereva wetu, ambao tangu 2013 wamesimamishwa barabarani wapulize, wataona wenyewe kama wamshukuru au la.

Sasa namna ya kukitumia, na hapa twaomba kila mmoja asome polepole, na anayejua kusoma amsomee asiyejua.

Kupuliza mara moja mbele ya daktari si kitu. Ndilo kosa lililompata ndugu yetu. Yatakiwa kupuliza angalau mara nne kila siku, na ikiwezekana kila saa mbili tangu kuamka hadi kulala: asubuhi kabla ya kazi, kazini, baada ya kazi, usiku. Kila mara pulizeni mara tatu, mkiwa mmesimama, na kuandika ile kubwa kuliko zote tatu. Si wastani, ile kubwa. Endeleeni hivi wiki mbili kwa uchache, na wiki nne ni bora, na ndani yake ziwemo siku za kazi na siku za kupumzika. Pembeni ya nambari andikeni saa mliyoanza kazi na saa mliyoacha, mlikuwa mkifanya nini, mlikunywa au kuvuta dawa gani na saa ngapi, na kama mlikuwa na mafua. Mafua hushusha nambari bila ya kazi kuhusika, na dawa ya kuvuta huipandisha, kwa hivyo ukificha mojawapo umeharibu karatasi yote.

Tuseme mtu ameamka Jumatatu akapuliza 400. Saa sita mchana ni 350. Jioni ni 290. Tofauti hiyo ni kubwa. Ni zaidi ya 30 kwa mia ya wastani wa siku. Kifua cha mtu mzima asiye na pumu hakichezi namna hiyo kati ya asubuhi na jioni, na madaktari wengi wakiona 20 kwa mia mara kwa mara hushtuka. Jumanne ameamka na 380, Ijumaa ameamka na 340: kila asubuhi yaanzia chini kuliko ya jana. Akipumzika, siku ya kwanza 360, siku ya pili 390, siku ya tatu 410. Akirudi kazini, chini tena. Mkiziweka nambari hizi katika mstari juu ya karatasi ya miraba, mtauona mstari ukishuka na kupanda kama njia ya milima ya Pokot, na kila bonde lina jina la siku ya kazi. Karatasi hiyo yaweza kusafiri na lori siku tano ikafika mjini haijapona njiani.

Nambari ya mwenzako si yako. Mrefu hupuliza kuliko mfupi, kijana kuliko mzee, na kwa kawaida mwanamume kuliko mwanamke. Msishindane. Kila mtu ajipime na nafsi yake.

Hapa twafika penye mgogoro wenyewe. Karatasi hii haisemi lo lote bila siku za kupumzika. Mtu anayefanya kazi siku saba kwa saba, mwezi kwa mwezi, mstari wake utakuwa umelala chini wote, bila bonde wala kilima, na daktari atasema huyu ana pumu tu kama watu wengine. Kibarua wa ghala ambaye asipofika Jumapili hupewa mwingine nafasi yake hana njia ya kuonyesha kwamba kazi yamwumiza, kwa sababu hajapata hata siku moja ya kuonyesha akiwa bila kazi. Sheria ya Ajira ya 2007 yasema mfanya kazi apewe si chini ya siku moja ya kupumzika katika kila siku saba, na baada ya miezi 12 apewe likizo ya siku 21 za kazi kwa mshahara kamili. Tena yule aitwaye kibarua, akiwa amefanya kazi mfululizo usiopungua mwezi mmoja, sheria hiyo hiyo yamtoa katika ukibarua wa siku. Tumedai siku hizi kwa miaka kwa ajili ya miguu na migongo. Sasa twazidai kwa ajili ya ushahidi pia. Siku moja haitoshi kwa kila mtu; wengine kifua huchukua siku kadhaa kufunguka. Kwa hivyo twamshauri mwenye likizo, apime wiki mbili kabla ya likizo na siku zote za likizo, na wiki moja baada ya kurudi.

Waajiri watasema, nao wamekwisha kusema, “Hii ni Turkana. Kila mtu anavuta vumbi. Upepo hauna mwajiri.” Ni neno la kweli nusu. Vumbi lipo. Mathenge nao upo kila kona, na chavua yake yajulikana kuwasumbua watu wengi vifua na macho. Lakini tazama: upepo huo huo wavuma siku ya kazi na siku ya mapumziko, na mathenge hauendi likizo. Kama kinachombana mtu ni upepo au mti, mstari wake utabana siku zote sawasawa. Ukibana siku za kisiagi na kufunguka siku za nyumbani, pale pale penye vumbi na mathenge, basi hoja ya upepo imekwisha. Na ikiwa karatasi itaonyesha kinyume, kwamba kifua cha memba wetu kinaharibika akiwa nyumbani na kinapona akiwa kazini, basi hilo pia tutalikubali na tutamshauri atazame jiko lake. Twasema hivi wazi kwa sababu tumesikia kijana mmoja akiuliza kama yawezekana kupuliza kwa ulegevu siku za kazi ili nambari ziwe ndogo. Yawezekana. Naye daktari mzoefu ataona, maana nambari za uongo hazina mpangilio wa ugonjwa, na siku hiyo karatasi za wenzake ishirini wenye haki zitatupwa pamoja na yake. Katibu wa tawi hatatia sahihi karatasi asiyoiamini.

Wala chombo hiki hakijui yote. Hata kikitumiwa vizuri, huwapata kama wagonjwa 8 katika 10 wa pumu ya kazini, wengine hukiponyoka; kwa hao kuna spirometa ya hospitali kubwa na vipimo vingine vya ngozi na damu. Na ndugu wa machimbo ya kokoto na wavunja mawe wasidanganyike nacho. Vumbi la mawe huleta ugonjwa mwingine ulio taratibu, unaotafutwa kwa picha ya eksirei, na mtu aweza kupuliza nambari nzuri mapafu yakiwa tayari yameanza kuwa magumu.

Memba wengi wameuliza: je, niache kazi kwanza? Twajibu kwa uangalifu. Ukiacha kazi kabla ya kupimwa, ushahidi wako umeondoka nawe, na itakuwa shida kubwa kuthibitisha lo lote baadaye. Kwa hiyo, ukiweza, pima kwanza. Lakini ikiwa kifua chabana hata huwezi kumaliza sentensi, au dawa ya kuvuta haikusaidii, toka hapo upesi uende zahanati. Hakuna karatasi inayostahili kufiwa. Na uchunguzi ukishathibitisha, usirudi kwenye vumbi hilo kwa kujipa moyo. Wanaotolewa mapema wana nafasi nzuri ya kupona au kupata nafuu; wanaovumilia miaka, pumu yao huweza kubaki hata wakiacha kazi.

Hapo ndipo mtu anapoogopa, na twamwelewa. Anasema, nikionyesha karatasi hii nitafukuzwa. Wapo waliofukuzwa. Kwa hiyo karatasi isipelekwe na mtu mmoja mmoja mlangoni kwa tajiri, ipite tawini. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yahusu kila mahali watu wanapofanya kazi, hata kibanda cha mabati chenye mashini moja. Na penye watu 20 au zaidi yataka kamati ya usalama yenye wajumbe wa wafanya kazi. Daktari anayeamini kwamba mgonjwa wake ameupata kazini ugonjwa uliotajwa katika sheria hiyo apaswa kumwarifu Mkurugenzi. Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka huo huo yatambua fidia kwa magonjwa ya kazi, si kwa mikono iliyokatika tu. Shirika la Kazi la Kimataifa nalo limeitaja pumu ya kazini katika orodha yake ya magonjwa ya kazi iliyosahihishwa 2010. Na ndugu zetu wakimbizi wa Kakuma na Kalobeyei wanaobeba magunia hayo hayo kwa posho ndogo isiyoitwa mshahara, unga hauwaulizi kitambulisho. Wakitaka kupima, wapewe karatasi kama mwingine ye yote.

Kwa waajiri hatutaki mengi yasiyowezekana. Kisiagi kifungwe mfuko wa nguo mahali unga unapotokea, mlango wa nyuma ufunguliwe upepo upite, sakafu isifagiliwe kavu bali ilowanishwe kidogo au unga ukusanywe kwa sepeto polepole, nguo zisipulizwe kwa bomba la hewa. Barakoa iwe ya mwisho, si ya kwanza, na kitambaa cha shuka kilichofungwa puani si barakoa. Mtu aliyethibitishwa ahamishiwe kazi nyingine bila kupunguziwa mshahara. Mwendesha kisiagi anayejua hesabu aweza kukaa mizani au stoo ya vipuri. Waganga wa zahanati nao twawaomba wawe na kipima pumzi kimoja cha kuazimisha, maana cha kubaki juu ya meza ya daktari hakitufai.

Ndugu yetu wa Nakalale alianza kupuliza wiki iliyopita. Mwanawe wa darasa la sita ndiye anayeandika, naye ni mkali: baba akisahau saa nne, huja kisiagini kumtafuta. Tajiri amekubali kwa mdomo kumpa siku nne za kupumzika mwisho wa mwezi, nasi tumemwomba aandike.

Karatasi yenye miraba imeambatishwa nyuma ya toleo hili. Mashini yetu ya kurudufu ilikuwa na wino hafifu, kwa hiyo pitisheni kalamu juu ya mistari kabla ya kuanza. Tawi lina vipima pumzi viwili tu. Kimoja kiko Nakalale, cha pili kimeazimwa na wapagazi wa Kakuma mpaka mwezi ujao. Wapaka rangi wa Lodwar waandike majina yao kwa katibu, watapewa kwa zamu, na kila mtu apewe mdomo wake wa bomba, asitumie wa mwenzake.